Mshipa wa Moyo Ukizibuliwa, Dawa Haziachwi



Katika kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi hapa Rungwe nilikuta mkopo wa dharura aliopewa mkulima wa chai ili aende Dar es Salaam kutibiwa moyo. Mwenyewe alikwisha kurudi, na siku ile alikuwa na kikapu cha majani mgongoni kama kijana. Nilipomwuliza habari za vidonge, akanijibu kwamba mshipa umezibuliwa, na vidonge ameviacha tangu msimu wa mbolea, kwani fedha ni ile ile. Mimi si daktari, lakini jibu hilo lilinifanya niwaulize wenye kazi yao, na haya ndiyo niliyofahamishwa.

Moyo hulishwa damu na mishipa yake wenyewe. Lehemu, ambayo hospitalini huitwa kolesteroli, ikizidi katika damu hujipenyeza katika kuta za mishipa hiyo na kuifinya. Uzibuaji kwa puto ulifanywa mara ya kwanza na Dk. Andreas Grüntzig mjini Zurich, Uswisi, tarehe 16 Septemba 1977. Kwetu hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Mrija mwembamba hupitishwa mkononi au pajani hadi moyoni, puto dogo hujazwa hapo penye mfinyo, na mara nyingi huachwa kijibomba cha wavu wa chuma kiitwacho stenti.

Wenye mabomba ya maji ya mserereko wanajua kwamba kuzibua bomba kuu hakusafishi vijibomba vya kwenda majumbani. Hata hivyo mfano huu una upungufu, kwa sababu bomba halina uhai. Mshipa una utando wa ndani ulio hai, nao hutoa oksidi ya nitriki, kitu kinachoulegeza upanuke tunapopanda mlima na mzigo. Moyo wenye afya huweza kuongeza mtiririko wa damu yake mara tatu au nne kuliko wakati wa kupumzika. Madaktari huiita nafasi hiyo akiba, neno tulilolizoea sisi wanaushirika. Lehemu nyingi huudhoofisha utando huo hata katika vijishipa ambavyo puto halifiki, na akiba hupungua ingawa njia kuu iko wazi. Lehemu ikishushwa kwa miezi kadhaa, utando hupata nafuu na akiba huongezeka.

Vidonge vinavyotumika zaidi huitwa statini, na vya kwanza viligunduliwa na Akira Endo wa Japani katika miaka ya 1970. Tusivitarajie visivyoweza. Uchunguzi wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba lovastatini haikuzuia pale palipopanuliwa kwa puto pasijifinye tena. Faida yao iko katika moyo mzima. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 1,677 waliokwisha kuzibuliwa mishipa. Kwa muda wa karibu miaka minne, waliopata vifo vya moyo, shambulio la moyo au kuhitaji kuzibuliwa tena walikuwa asilimia 21.4 kwa wale waliomeza fluvastatini, na asilimia 26.7 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Anayeumwa misuli kwa sababu ya statini amweleze daktari, ambaye anaweza kubadili dawa au kipimo. Na dawa za kuzuia damu kuganda ni jambo la haraka zaidi: ukiziacha kabla ya muda uliopangiwa, stenti huweza kuziba ghafla.

Makatibu, neno moja la kiofisi. Katika muhtasari wa mkutano nilikuta ugonjwa wa mwanachama umeandikwa kwa urefu, tena pamoja na jina lake. Inatosha kuandika "mkopo wa matibabu".

Yule mkulima amerudi kwa daktari na kuanza tena vidonge vyake. Kwa ombi lake la maandishi, halmashauri ya chama chake humkata kiasi kidogo katika kila malipo ya majani, nacho huwekwa kando kwa ajili ya dawa hata mbolea inapofika.