Mpaka Uliohamishiwa Baharini

Nchi mbili zikitofautiana ushuru na kanuni za vyakula, mpaka lazima uwepo mahali. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, viongozi wake waliahidi mambo matatu kwa mpigo: kuacha soko la pamoja na umoja wa forodha, kutoweka vizuizi kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, iliyobaki Ulaya, na kutokagua bidhaa kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za nchi. Chagua mawili yoyote, yatawezekana. Yote matatu, hapana, na waahidi walijua hivyo, au walipaswa kujua.

Mpaka wa nchi kavu kati ya Ireland Kaskazini na Jamhuri una urefu wa kilomita 500 hivi na njia za kuvukia zaidi ya 200. Maziwa yanakamuliwa upande mmoja na kusindikwa upande wa pili. Zaidi ya hayo, mkataba wa amani wa 1998 ulimaliza mapigano ya Ireland Kaskazini yaliyoua watu zaidi ya 3,500. Kurudisha vituo vya forodha pale ni kuchokoza jeraha. Waziri Mkuu Theresa May alitaka nchi nzima ibaki na Ulaya katika forodha mpaka ufumbuzi upatikane, na Januari 2019 Bunge likaukataa mpango huo kwa tofauti ya kura 230. Mrithi wake, Boris Johnson, akaafiki ukaguzi uhamie baharini, kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za nchi. Ireland Kaskazini ina wabunge 18 kati ya 650, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2019 kura za chama cha DUP cha Ireland Kaskazini, zilizokuwa zikimbeba May, hazikuhitajika tena. Mzigo ulitupwa kwa mwenye sauti ndogo.

Wapo wanaosema teknolojia ingemaliza ubishi. Kamera husoma namba za lori, ni kweli, na fomu hujazwa mtandaoni. Lakini kamera haifungui katoni ya kuku, na nguzo yenye kamera mpakani ingekuwa shabaha kama kilivyokuwa kibanda cha forodha. Ndiyo maana makubaliano ya Windsor ya 2023 hayakufuta ukaguzi wa baharini, yaliupunguza tu: bidhaa zinazoishia Ireland Kaskazini hupita njia ya kijani, zinazoendelea Jamhuri hupita nyekundu, na pakiti za nyama zina lebo inayosema haziruhusiwi Umoja wa Ulaya.

Hoja nzito zaidi ni ya wanamuungano, yaani wanaotaka Ireland Kaskazini ibaki Uingereza, kama DUP: kwa nini sheria zitungwe Brussels ilhali wao hawana mbunge huko? Soko la pande mbili, yaani nafasi ya kuuza Uingereza na Ulaya pia, ambalo wenye viwanda wengi wangelitamani, halijibu swali hilo. Kwa kupinga hilo, DUP ilisusia serikali ya Ireland Kaskazini huko Stormont kuanzia Februari 2022 hadi Februari 2024. Desemba 2024 wabunge wa Stormont waliidhinisha mpango uendelee, 48 dhidi ya 36, bila kura hata moja ya ndiyo kutoka kwa wanamuungano. Kanuni iliyozoeleka ya kuhitaji ridhaa ya jamii zote mbili ilikuwa imewekwa kando.

Mei 2025 London na Brussels zilikubaliana kutafuta mkataba wa vyakula na mifugo ambao ungeondoa sehemu kubwa ya ukaguzi huo. Sharti lake ni kwamba Uingereza nzima ifuate kanuni za Ulaya kila zinapobadilika, bila kupiga kura: lilelile ambalo Ireland Kaskazini iliambiwa ilivumilie.