Faharasa Maalumu na Safu za Mkusanyiko katika Hifadhidata za Istilahi

Dhana moja ya mashine ina majina matatu katika Kiswahili: kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mjenzi wa hifadhidata ya istilahi anayetumia Apache Cassandra huweza kuyaweka yote katika safu moja ya mkusanyiko, badala ya kuunda jedwali la pili la visawe. Uamuzi huo ni wa busara, na umewezekana tangu toleo la 1.2. Ugumu hujitokeza pale safu hiyo inapowekewa faharasa.

Mikusanyiko ni ya aina tatu: seti, orodha na ramani. Usipogandishwa, mkusanyiko huhifadhi kila kipengele katika seli yake, na seli hiyo ina njia na thamani. Katika seti, neno lenyewe ndilo njia. Thamani ni tupu. Katika orodha, njia ni kitambulisho cha wakati kisichomfaa mtafutaji, na neno limo katika thamani. Katika ramani, ufunguo, tuseme jina la nchi, ndio njia, na istilahi inayotumika katika nchi hiyo ndiyo thamani. Kwa hiyo, faharasa maalumu, yaani darasa la Java ambalo mtumiaji huliandika mwenyewe, ikisoma thamani peke yake itafaulu katika orodha na kuambulia patupu katika seti. Anayetafuta “ngamizi” ataambiwa halimo, na mwanaistilahi aliyeambiwa hivyo huenda akabuni neno la nne.

Kuna mtego mwingine katika aina ya data. Faharasa ikiuliza aina ya safu hujibiwa “seti ya matini”, ilhali kinacholinganishwa ni neno moja. Inapaswa kuuliza aina ya kipengele. Kwa ramani, mjenzi huamua pia kama anafaharasisha funguo, thamani au jozi zake: faharasa ya funguo hueleza ni dhana zipi zina istilahi ya Kenya, lakini haitamfikisha mtu kwenye “tarakilishi”.

Kugandisha mkusanyiko hurahisisha kazi, kwani vipengele vyote huwa thamani moja. Kwa visawe, hata hivyo, urahisi huo hauna faida: ni nani atafutaye majina yote matatu kwa mpigo?

Suala zito zaidi ni ufutaji. Mkusanyiko mzima ukiandikwa upya, Cassandra huweka alama moja ya kufuta yaliyotangulia, bila kwanza kuyasoma yaliyokwisha kuhifadhiwa diskini. Faharasa haiarifiwi kuhusu kila neno lililoondolewa, hivyo istilahi iliyokataliwa na kamati huendelea kuelekeza kwenye dhana yake ya zamani. Dawa ni kulinganisha kila jibu na safu mlalo ya asili wakati wa kusoma, kama zifanyavyo faharasa za ndani za Cassandra.

SASI, iliyoingia katika toleo la 3.4, haikubali mikusanyiko. SAI ya toleo la 5.0 huikubali, taasisi inayoanza mradi leo haina sababu kubwa ya kujiandikia darasa lake, isipokuwa pale inapohitaji uchanganuzi wa maumbo ya maneno ya Kiswahili.