Je, gita hupata sauti kwa daraja jipya?

Jumapili moja mpwa wangu alinitembelea akiwa na gita la umeme mgongoni. Baada ya shikamoo na kikombe cha chai akanieleza kilichomleta. "Mjomba, gita langu limekufa sauti. Wenzangu wananiambia tatizo ni daraja. Kuna la shaba dukani, laki mbili na nusu." Nikamuuliza fedha hizo anazo. Akainamisha kichwa, akasema anazo, ila ni za ada ya chuo. Bendi moja imemwita kwenye majaribio, na akichukuliwa atazirudisha.

Kabla sijawaambia nilimjibu nini, yafaa tuelewe kwanza kitu chenyewe. Daraja la gita ni kile kipande cha chuma kilichofungwa kwenye kiwiliwili, upande wa mkono unaopiga. Juu yake kuna vipande vidogo ambavyo mimi nitaviita viti, kwa sababu kila uzi hukaa juu ya kiti chake. Uzi unapopigwa hutikisika kati ya sehemu mbili: kwenye kiti cha daraja na kule juu shingoni, au pale kidole kilipobonyeza. Uzi mnene kabisa, ukiwa wazi, hutikisika kama mara 82 kwa sekunde. Ule mwembamba kabisa hufika kama mara 330.

Sasa, gita la umeme halina tumbo la kukuza sauti kama gita la kawaida. Chini ya nyuzi kuna vinasa sauti, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, ukaenda kwenye amplifaya. Kwa hiyo kinachosikika ukumbini ni mwendo wa uzi. Daraja haliongei lenyewe. Linaweza tu kuuachia uzi utikisike vizuri, au kuunyang'anya nguvu zake.

Chukueni mfano wa mpira. Ukiudunda mchangani, hauruki. Ukiudunda kwenye saruji, unaruka vizuri. Daraja lililolegea skrubu, au kiti kinachochezacheza, ni ule mchanga: uzi hupigwa ukafa mapema, tena hutoa mlio wa kukwaruza. Ukikaza skrubu umeuhamisha mpira kwenye saruji, na tofauti hiyo hata mtoto ataisikia. Lakini ukitoka kwenye saruji ukaenda kuudunda juu ya jiwe la thamani, mpira utaongeza nini? Kidogo mno. Na hapo ndipo ilipo biashara ya madaraja ya bei kubwa.

Historia nayo inatufundisha. Gita la Telecaster la Leo Fender, lililoingia sokoni Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilikuwa na viti vitatu tu vya shaba, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili. Baadaye viti hivyo vikafanywa vya chuma, na wapigaji wakaendelea kulipenda. Mwaka 1954 kampuni ya Gibson ilileta daraja lenye viti sita, ili kila uzi urekebishwe peke yake. Mwaka 1979 Floyd Rose alipata hataza ya daraja linalobana nyuzi zisilegee hata mpigaji akizivuta na kuziachia kwa nguvu. Tazameni shabaha ya mabadiliko hayo mawili ya mwisho: walitafuta gita likae kwenye sauti yake. Kuna wakati pia, katika miaka ya 1970, ambapo vipuri vya shaba vilikuwa fasheni kubwa kwa imani kwamba sauti itadumu zaidi. Fasheni ile ikapoa, na magita ya chuma na ya zinki yakaendelea kurekodi nyimbo kama kawaida.

Nami niliwahi kunaswa. Nilipokuwa kijana nikipiga gita la rizimu katika bendi ndogo, nilinunua daraja la shaba kutoka kwa baharia mmoja kwa mshahara wa miezi miwili. Nililifunga usiku, asubuhi nikaapa kwamba gita limezaliwa upya. Mpiga besi wetu, mtu wa maneno machache, akanitaka nigeukie ukutani. Alikuwa na gita la mwenzetu, la aina ile ile, lenye daraja la zamani. Akatia nyuzi mpya kwenye magita yote mawili, akapiga moja baada ya jingine, mara kumi, bila mpangilio. Nikatakiwa kusema lipi ni langu. Nilipata mara nne. Mtu anayerusha shilingi angenishinda.

Basi ile sauti mpya niliyoisikia asubuhi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye nyuzi. Huwezi kubadilisha daraja bila kuondoa nyuzi kuukuu, na hakuna anayezirudisha. Unafunga mpya, unakaza skrubu zote, unapanga upya kimo cha nyuzi. Mambo matatu yamefanyika kwa pamoja, halafu sifa zote anapewa shaba kwa kuwa ndiye aliyegharimu. Na masikio nayo yana aibu yake: hayapendi kukiri kwamba mfuko umetoboka bure.

Wapo watakaosema wao husikia tofauti. Sitawabishia kabisa. Daraja zito lililokaza vizuri linaweza kuubakiza mlio muda zaidi kidogo, na vyuma havinywi nguvu za uzi kwa kiasi kimoja. Ninachosema ni kwamba tofauti hiyo ni ndogo, na ngoma zikianza kulia ukumbini humezwa yote.

Yapo magonjwa ya daraja yanayostahili fedha. Skrubu zikiwa zimekula nyuzi zake hazishiki tena, nunua. Viti vikiwa vimechimbika hata vinakata nyuzi, nunua. Sisi wa pwani tunaijua chumvi ya hewani: kutu hubana skrubu zisigeuke kabisa. Na ikiwa kiti hakisogei tena, gita haliwezi kulinganishwa. Kipimo chake ni rahisi. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, upige, usikie ule mlio wa kengele. Kisha ubonyeze hapo hapo, upige tena. Milio hiyo iwe sawa. Wa pili ukiwa juu, sogeza kiti nyuma, mbali na shingo. Ukiwa chini, kisogeze mbele. Na anayenunua apime kwanza nafasi kati ya skrubu na kati ya nyuzi, maana si kila daraja huingia kwenye kila gita.

Turudi kwa mpwa wangu. Nyuzi zake zilikuwa na miezi minane ya jasho, nyeusi kama waya za chupio. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea. Kiti cha uzi wa tatu kilikuwa kimeinama upande. Tukanunua nyuzi mpya na tone la mafuta ya cherehani, tukakaa barazani na bisibisi hadi magharibi. Alipopiga, jirani akachungulia dirishani.

Wazee wetu wa muziki wa dansi wengi wao walipiga magita ambayo hayakuwa yao. Katika NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akihamia bendi nyingine, gita alilikuta huko, na bado wapenzi wake walimtambua kabla hajaonekana jukwaani.

Bendi haijampa kijana jibu hadi leo ninapozungumza nanyi. Ada imekwishalipwa.