Mwalimu wa Yoga na Wajibu wa Ushahidi

Katika ufundishaji wa yoga husikika kauli za aina tatu ambazo mara nyingi hutolewa kana kwamba zina uzito uleule, nazo ni mapokeo ya kale ya India, mambo ambayo mwalimu ameyaona kwa wanafunzi wake, na madai kuhusu utendaji wa mwili ambayo yanaweza kupimwa. Fikra tunduizi, yaani mazoea ya kuuliza dai limejulikanaje kabla ya kulikubali, humtaka mwalimu azitenganishe kauli hizo, kwa kuwa umri wa mapokeo hauthibitishi dai la kitabibu, wala kukosekana kwa vipimo hakuyaondolei mapokeo thamani yake ya kiutamaduni.

Utaratibu huo si mgeni katika yoga yenyewe. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavla, magharibi mwa India, pamoja na jarida la Yoga Mimamsa, akitumia eksirei na vipimo vya mgandamizo kuchunguza yanayotokea ndani ya mwili wakati wa mazoezi.

Baadhi ya madai yaliyozoeleka hayapatani na elimu ya mwili. Husemwa kwamba kuvuta pumzi nyingi huijaza damu oksijeni, ilhali damu ya mtu mwenye afya aliyetulia huwa tayari imebeba zaidi ya asilimia 95 ya oksijeni inayoweza kubeba. Anayepumua kwa kasi huku amekaa hutoa hewa ukaa kupita kiasi, mishipa ya damu ya ubongo ikasinyaa, naye akahisi kizunguzungu ambacho mwalimu asiyejua anaweza kukitafsiri kuwa ni nguvu mpya. Vivyo hivyo, hakuna ushahidi kwamba kupinda kiwiliwili hukamua sumu mwilini, kazi ambayo hufanywa na ini na figo.

Madai mengine yana msingi, lakini yana mipaka. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, watu wazima 228 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: la kwanza lilifundishwa yoga, la pili mazoezi ya kunyoosha viungo, na la tatu likapewa kitabu cha kujihudumia. Waliofanya yoga walipata nafuu kuliko waliopewa kitabu, lakini hawakuwazidi waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Hapa ndipo inapoonekana faida ya kundi linganishi, yaani kundi linalopimwa sambamba na lile linalochunguzwa, kwani bila kundi la pili nafuu yote ingehesabiwa kuwa ni sifa ya yoga peke yake. Aidha, washiriki walijua wanafanya zoezi gani na wenyewe ndio walioeleza hali ya maumivu yao, kwa hiyo matarajio yao yangeweza kuathiri majibu.

Kutokana na matokeo hayo, mwalimu anaweza kusema kwamba yoga huwasaidia baadhi ya watu wenye maumivu sugu ya kiuno, lakini hana msingi wa kusema kwamba inaponya, au kwamba inapita mazoezi mengine yote. Anayeipenda yoga ana sababu ya kutosha kuichagua, na asiyeipenda hajakosa tiba.

Ushahidi humlinda mwanafunzi pia. Kusimama kwa kichwa huongeza mgandamizo ndani ya jicho takriban mara mbili, jambo linaloweza kuwa hatari kwa mwenye glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho na ambao unaweza kuwapo kwa miaka bila dalili. Kwa hiyo, kabla ya kufundisha pozi hilo, mwalimu anapaswa kuuliza kuhusu macho, shinikizo la damu na shingo, kumpa zoezi mbadala mwenye shaka, na kumshauri aonane na daktari, hata kama mapokeo huliita pozi hilo mfalme wa mapozi yote.