Boti mpya haijaribiwi kwa abiria

Ukisema Biryogo kwamba umenunua boti, watu watakutazama mara mbili. Mtaa wetu uko mlimani, ndani ya jiji la Kigali, na maji tunayoyajua ni ya bomba na ya chai. Lakini, ndugu msomaji, Biryogo ni mtaa wa mafundi, wauza vipuri na wafanyabiashara wanaopanda basi kwenda Rubavu na Rusizi kila wiki. Ndiko boti yetu ilikoanzia.

Tulikuwa watu sita katika kikundi cha akiba: akina mama watatu wanaouza vitenge na maharage, vijana wawili wa vipuri, na mimi mwalimu, niliyepewa ukatibu kwa kuwa mwalimu hakosi daftari. Familia zetu zilirudi nyumbani miaka ya 1990, nyingine kutoka Bujumbura, nyingine Uvira, yangu kutoka Bukoba. Kiswahili kilituunganisha kabla ya fedha. Baada ya miaka mitatu ya kuchanga, na mkopo juu yake, tulinunua boti ya mbao Rubavu na mashine iliyotumika ya nguvu za farasi 40. Lengo lilikuwa kupeleka bidhaa katika masoko ya mwambao wa Ziwa Kivu, upande wetu wa Rwanda.

Mashine ndani ya pipa

Mashine ilijaribiwa papa hapa Biryogo, mbele ya gereji, ikiwa imefungwa kwenye pipa lililojaa maji. Watoto walijaa kama vile kuna sinema. Fundi alituonyesha tundu dogo ubavuni linalorusha maji nje.

"Hapa ndipo mtakapotazama kila wakati," alisema. "Maji yakikoma, zimeni. Mashine haipozwi tena."

Kisha akatuonyesha kamba fupi nyekundu ambayo nahodha huifunga mkononi. Akianguka majini, kamba huchomoka na mashine huzimika yenyewe. Bila kamba hiyo, boti isiyo na mtu huweza kuzunguka na kumrudia aliyeanguka, rafadha ikiwa bado inakata.

Jambo la tatu wengi hawalijui. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na mashine hupungukiwa nguvu. Mafundi hukadiria asilimia 3 kwa kila mita 300. Maana yake farasi wetu 40 walikuwa wamebaki kama 34. Anayenunua kwa kutegemea maneno ya muuzaji wa Mombasa au Dar es Salaam atapakia mzigo wa pwani katika ziwa la mlimani.

Tena fundi alikuwa amebadilisha pistoni na ringi zake. Akaagiza kwamba saa kumi za mwanzo mashine isikimbizwe hadi mwisho.

Shauri ufukweni

Jumamosi ya kwanza tulifika ufukweni Rubavu saa moja asubuhi, ziwa likiwa shwari. Wavuvi wa sambaza walikuwa wakirudi wakiimba, mitumbwi yao imeunganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Sambaza naye ni mhamiaji kama sisi: aliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mwenzetu tunayemwita Hajati alikuwa ameshapata mteja: magunia 20 ya maharage na watu 12, malipo mkononi.

"Mwalimu," aliniambia, "boti hii si ya kutalii. Mkopo unadai."

Hoja yake haikuwa nyepesi. Rejesho la mwezi lilikuwa limebakiza siku nane. Nahodha, mzee aliyekulia kisiwa cha Idjwi, alimjibu kwa upole: "Hajati dada yangu, boti hii bado siijui. Nikiijua, nitakupakilia."

Jaketi za kuokolea maisha zilikuwa sita tu. Tukapiga kura. Watu wanne tulisimama na nahodha, wawili na Hajati akiwamo.

Kura yangu ilikuwa na sababu yake. Mei 21, 1996, nilikuwa mwanafunzi mjini Bukoba wakati meli ya MV Bukoba, iliyobeba watu kupita kiasi, ilipozama karibu na Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa. Tulisoma wiki zile tukitazama madawati yasiyo na watu.

Kivu nalo lina hesabu yake. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi wa Kongo akatangaza kwamba watu 150 hawajulikani waliko. Oktoba 3, 2024, boti nyingine iliyojaa kupita uwezo wake, ikitoka Minova, ilipinduka ikiwa karibu kufika Goma, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Makumi walikufa. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, hivyo abiria hawakuwa na njia nyingine. Sisi siku ile tulikuwa na hiari.

Kipande cha wavu

Tuliondoka watu sita, jaketi sita, bila gunia hata moja. Kijana mmoja wa vipuri alibaki ufukweni kwa kuwa jaketi ya saba haikuwapo. Hajati alipanda, amenuna.

Tulielekea Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji moto. Boti ilikwenda vizuri, pua imeinuka kidogo, maji yakitoka tunduni kama alivyosema fundi. Wakati wa kurudi, upepo umeanza kuvuma, mashine ikakoroma na kuzimika.

Kipande cha wavu wa zamani kilikuwa kimejisokota kwenye rafadha. Boti ikageuka ubavu, mawimbi yakaanza kuipiga. Nahodha aliamuru wawili tushike makasia na kuielekeza pua kwenye mawimbi, naye akainua mashine na kukata wavu kwa kisu. Ilichukua kama dakika kumi. Maji yaliyoingia tuliyachota kwa kopo.

Boti yetu tupu ilikuwa juu ya maji kwa mkono mzima. Ikiwa na magunia 20 na watu 12, ingebaki shubiri. Hajati alipima kwa macho, kisha akauliza: "Yale maharage yangekaa wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Hesabu kabla ya mashine

Rejesho tulilichelewesha wiki mbili na faini tukalipa. Safari ya biashara ilipoanza, tulikuwa na jaketi 14, bima, kibali cha RURA, makasia mawili, plagi za akiba na kisu kilichofungwa kwa kamba. Magunia hayazidi kumi, na tunaondoka asubuhi, kabla ya upepo wa mchana.

Kwa mfanyabiashara anayefikiria kununua boti, nasema hivi: gawa fedha zako kabla hujauliza bei ya mashine. Toa kwanza za jaketi, bima na kibali, na utenge rejesho la mwezi ambao boti haitaingiza chochote. Zinazobaki ndizo za mashine. Zikitosha farasi 25, nunua farasi 25, upakie kwa kipimo chake.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Siku ya kwanza ni ya kuyajua maji na kuijua boti. Abiria wasubiri ya pili.