Chombo cha Shaba ni Amana ya Jikoni

Muislamu ameamrishwa kula kilicho halali na kilicho kizuri. Mara nyingi twakichunguza chakula, tukakisahau chombo kilichokipika. Vyombo vya shaba vya Bara Hindi vimeanza tena kupendwa majikoni, nasi yatupasa tuvitumie kwa ujuzi.

Kisheria havina kizuizi. Vilivyokatazwa kwa kula na kunywa ni vyombo vya dhahabu na fedha. Ama shaba, imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Abdullah bin Zaid (R.A.) na wenzake walimtolea Mtume (S.A.W.) maji katika chombo cha shaba, naye akatawadha kwayo. Na katika Surat Saba imetajwa chemchemi ya shaba iliyoyeyuka, aliyotiririshiwa Nabii Suleiman (A.S.).

Tatizo ni kwamba neno letu “shaba” limebeba madini zaidi ya moja. Ipo shaba nyekundu tupu. Ipo shaba ya manjano, iliyochanganywa na zinki. Na ipo ya tatu, iliyochanganywa na bati, kiasi cha sehemu 78 za shaba kwa 22 za bati. Hii ndiyo inayosubiwa kengele, na kaskazini mwa India huitwa kansa.

Katika jimbo la Kerala, mji wa Mannar umesifika kwa kazi hii. Fundi huunda umbo la chombo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akalichoma hata nta ikayeyuka na kutoka. Kisha humimina madini katika nafasi iliyobaki. Hivyo hupatikana uruli, chombo kipana chenye mdomo wazi na mikono miwili. Humo hupikwa payasam ya mchele, sukari guru na tui la nazi, chakula ambacho mpishi wa Mombasa au Lamu hatakiona kigeni. Kwa kuwa chombo ni kizito, hupata moto polepole na hukaa na joto hata baada ya jiko kuzimwa; basi moto mdogo watosha.

Sasa tuje kwenye hadhari. Ukwaju, ndimu, siki na tungule huitafuna shaba, ikaingia katika mchuzi, na ikizidi huleta kichefuchefu na kutapika. Kwa hivyo shaba nyekundu na ya manjano haipikiwi mpaka itiwe bati ndani. Fundi hukichoma chombo motoni, akayeyusha bati, akalisambaza kwa pamba mpaka ndani kukawa kweupe. Bati likichakaa na wekundu ukaonekana, chombo kirudishwe kwa fundi kabla ya kupikiwa tena. Mchanganyiko wa shaba na bati hustahimili zaidi, lakini hata humo usipike vitu vikali wala usilaze chakula.

Uruli mpya huoshwa, kisha huchemshiwa maji ya mchele mara kadhaa na kumwagwa kabla ya kupikia. Usiuweke motoni mtupu, wala usiumwagie maji baridi ungali moto, kwani madini haya hupasuka. Husuguliwa kwa ukwaju, ukaoshwa upesi na kukaushwa.

Hatari kubwa kuliko zote ni risasi, ambayo wasio waaminifu huichanganya na bati kwa kuwa ni rahisi. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto na mimba zilizo tumboni. Watu hukigonga chombo wakasikiliza mlio wake. Mlio mrefu ni dalili ya kengele, lakini hauthibitishi kwamba risasi haimo. Nunua kwa muuzaji anayeweza kukueleza madini yake na kukuonyesha cheti cha kupimwa. Kisichojulikana asili yake, kiwe pambo la sebuleni.

Nawe mfanyabiashara, kumficha mama aibu ya chombo ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi. Hapa ghushi haiishii mfukoni, huingia katika damu ya mtoto.

Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu na vyombo vyetu, na awalinde watoto wetu. Amin.