Mbuzi wa Ploti Akikaribia Kuzaa

Vitabu vya ufugaji husema mbuzi akikaribia kuzaa hujitenga na wenzake na kutafuta kichaka. Kichaka gani, Dandora? Mbuzi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, hulala kwenye kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya choo na ukuta wa jirani, na mchana hushinda kando ya barabara akitafuna maganda ya ndizi. Tena amefungwa kamba. Basi dalili inayotangulizwa vitabuni ndiyo isiyomfaa sana mfugaji wa mtaani. Itabidi ategemee kalenda na vidole vyake.

Kalenda kwanza. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, siku 150 hivi, akitangulia au akichelewa siku tano. Aliyepandwa Februari 1 mtegemee mwanzoni mwa Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imekolea, kwa hiyo nyasi kavu na magunia yawe tayari mapema. Tarehe iandikwe kwa chaki ukutani siku ileile beberu alipokuja. Beberu huyo mara nyingi ni wa kuazima, na mwenyewe hukumbuka ada yake kuliko tarehe yako.

Wengine hawana tarehe yoyote. Walimnunua jike Kiamaiko, ambako malori hushusha mbuzi kutoka kaskazini mwa nchi kwa ajili ya machinjio, na huyu akaponea kisu kwa kuwa alionekana mnene. Je, ana mimba au ameshiba takataka? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, lakini mbuzi anayezunguka majalalani bado hupata plastiki za kumeza, nazo hazisagiki wala hazitoki. Tumbo kubwa la chakula liko upande wa kushoto. Mimba ikikua, uzito wake huonekana zaidi upande wa kulia na chini. Aliyefura kushoto huku uti wa mgongo ukihesabika, huyo anahitaji daktari wa mifugo, si kibanda cha kuzalia.

Kiwele hudanganya. Kwa mbuzi wa uzazi wa kwanza huanza kujaa wiki kadhaa kabla, na kwa aliyekwisha kuzaa kinaweza kujaa siku ya mwisho tu. Kikiwa kimekaza na kung'aa, na chuchu zimevimba, siku imekaribia, lakini ipi? Hapo ndipo vidole huingia kazini. Pitisha kidole gumba na cha shahada pande mbili za uti wa mgongo, pale unaposhuka kuelekea mkiani. Utagusa kano mbili, ngumu kama penseli. Zipapase kila jioni tangu wiki mbili za mwisho, hata kama huoni mabadiliko, maana asiyejua zilivyokuwa jana hatatambua zilipolegea leo. Zikilainika hadi usizipate kabisa, na shina la mkia likawa linazungukwa na vidole bila kizuizi, kwa kawaida atazaa ndani ya siku moja. Mbavuni nyuma huingia shimo kwa sababu mtoto ameshuka, na uke huvimba na kulegea. Safari ya kesho ya soko la Gikomba iahirishwe.

Zikibaki saa chache, anakataa chakula, anaparura sakafu kwa kwato, analala na kuinuka, anageuka kutazama ubavu wake na kulia kwa sauti ya chini. Ute mzito hutoka nyuma. Hapo mfungue kamba, maana akianza kujinyoosha anaweza kujinyonga. Watoto wa ploti watajaa mlangoni, wafukuze kwa upole. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hiyo mbuzi mwenyewe si mhalifu, ingawa landilodi ana sheria zake na usiku huo atasikia kila kitu.

Anayezaa vizuri hutoa kwato mbili za mbele na pua ikiwa juu yake. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila chochote kuonekana, au ukaona mkia au mguu mmoja tu, mpigie daktari wa mifugo. Usivute. Mtoto akitoka, safisha pua yake, paka kitovu ayodini, na hakikisha amenyonya dang'a ndani ya saa ya kwanza au ya pili. Mama akiendelea kujikaza, huenda kuna wa pili.

Kondo la nyuma hutoka lenyewe ndani ya saa chache, na likipita saa 12 ni kazi ya daktari tena. Lisishikwe kwa mikono mitupu, na mama mjamzito asilikaribie kabisa, kwa sababu brusela hupitia humo. Ua wote ukiwa saruji, lifunge vizuri ulipeleke mahali pa kulizika kwa kina usiku huohuo, kabla mbwa wa mtaa hawajalitoa na kulitawanya mlangoni pa watu.